Kadha ya Kiingereza

Mtu akikuambia kwamba kazi ya kufundisha Kiingereza ugenini ni ya saa nne tu kwa siku, kabla hujafunga mzigo wako mwulize: saa nne za nani? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na karatasi mkononi, ina sahihi yangu na sahihi ya Bwana Abdulrahmani bin Maftaha, mfanyabiashara wa utomvu wa mpira na sandarusi wa Kilwa Kivinje, nikadhani karatasi inatosha. Ilisema hivi: Mwalimu Cecilia atawafundisha watoto wawili wa bwana kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano, Jumamosi mpaka Jumatano. Alhamisi na Ijumaa atapumzika. Basi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeielewa.

Watu wa mji walishangaa kwamba mwaka ule wa 1905, nchi nzima ikiwa chini ya Wadachi na bendera yao ikipepea juu ya boma, kuna mtu anatafuta mwalimu wa Kiingereza. Bwana Abdulrahmani alikuwa na jibu lake. "Kidachi kinafundishwa shuleni kwao, na kila mtoto wa mjini anajua kuhesabu mpaka kumi," alisema. "Lakini mpira wangu unanunuliwa Unguja, na barua zangu zinatoka kwa Mwingereza. Kila nikitaka kujua nimeandikiwa nini, lazima nimbembeleze karani wa watu. Nimechoka kusomewa barua na mtu anayecheka kabla hajanieleza kinachomchekesha." Hapo nilimpenda. Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mtu huyu hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuvuka bahari. Nilizaliwa huku huku, juu ya Tingi, pale milima ya Umatumbi inapoanza. Nilipokuwa na miaka minane hivi nilikamatwa kisimani na watu wa msafara, nikateremshwa pwani, nikatiwa chomboni na wenzangu kupelekwa Pemba. Manowari ya Waingereza ikatukamata njiani, nikakabidhiwa kwa misheni Unguja. Huko nikapewa jina la Cecilia, kisha kitabu, na nilipokua nikapewa darasa. Lakini sikusahau kwamba baba yangu aliitwa Mbonde na kwamba alikuwa mfua chuma. Sikuusahau pia mgongo wa mama yangu, jinsi ulivyokuwa na joto aliponibeba. Miaka ishirini na miwili nilikuwa najiambia kwamba siku moja nitarudi kumtafuta. Barua ya Bwana Abdulrahmani ilipofika misheni ikitaka mwalimu, sikuwaachia wenzangu hata nafasi ya kuisoma.

Ndiyo maana siku zile mbili za mapumziko nilizipigania. Mimi ni Mkristo. Jumapili ndiyo siku yangu. Nilimwachia Bwana Abdulrahmani Jumapili yangu, akanipa Alhamisi na Ijumaa kama desturi ya vyuo, kwa kuwa siku mbili zilizoshikana zinamtosha mtu kutembea kutwa kwenda milimani, kulala, na kutembea kutwa kurudi. Padri wangu alinung'unika. Nikamwambia Mungu anajua hesabu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, nikajisifu. Darasa letu lilikuwa barazani: Mastura, binti wa miaka kumi na minne, mwerevu na mvivu kwa kipimo kile kile, na mdogo wake Salumu, ambaye alitamka kila neno kama anatema kokwa. Wiki ya pili, Jumamosi, nilikuta baraza imejaa wageni. Shemeji wa bwana alikuwa amefika kutoka Kiswere na jamaa saba. "Leo hakuna somo, Mwalimu," bwana akaniambia kwa furaha, akanikaribisha chai. Jumatatu Mastura alikuwa anasukwa nywele, na kichwa chake kilikuwa nusu tu, hawezi kukaa mbele ya kitabu namna ile. Jumanne Salumu aliumwa jino. Nikarudi chumbani kwangu na chaki yangu. Alhamisi alfajiri nilikuwa nimekwisha vaa viatu, nataka kwenda kuulizia njia ya milimani, mara mlango ukagongwa.

"Hujambo, Mwalimu? Watoto wako tayari," alisema Bwana Abdulrahmani.

"Tayari kwa nini, bwana? Leo Alhamisi."

"Ndiyo. Lakini wiki hii masomo matatu yametupita. Leo na kesho tulipe kadha."

Nilidhani anafanya mzaha. Kadha ninaijua; nimekulia Unguja. Mtu akipitwa na sala huilipa, akila Ramadhani kwa sababu ya homa au safari hufunga siku nyingine. Lakini sikuwahi kusikia kadha ya Kiingereza.

"Bwana Abdulrahmani," nikasema polepole, "aliyefuta masomo ni wewe. Mimi nilikuwepo."

"Sikatai. Na mgonjwa wa Ramadhani je? Homa haikumwomba ruhusa. Mwezi ukipita si analipa siku zake?"

"Analipa yeye aliyeugua. Halipi jirani yake."

Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Mwalimu, saa ulizoahidi ni amana. Sitaki usimame Siku ya Kiyama na saa za watoto wangu shingoni."

"Siku ya Kiyama nitajieleza mwenyewe."

"Wewe ni mgeni wangu," akasema, na nakuapieni alikuwa anasema kweli tupu, macho yake yalikuwa yamejaa huruma. "Siwezi kukuacha uharibikiwe nikiwa natazama."

Utamfanyaje mtu wa namna hiyo? Anayekudhulumu kwa kutaka mali yako unaweza kumtukana. Huyu alikuwa anataka niingie peponi. Nikavua viatu vya safari nikaenda barazani.

Kuanzia siku ile sikuwa na wiki. Ikawa jambo la kawaida: kati ya Jumamosi na Jumatano somo linafutwa kwa maulidi, kwa khitma, kwa mvua kuingia barazani, kwa mbuzi wa jirani kuzaa na Salumu kutaka kuona, halafu Alhamisi na Ijumaa tunalipa. Saa za jioni nazo, ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, zilikuwa za kila mtu. Magharibi ikikaribia naitwa kusoma barua ya Unguja. Nikimaliza barua, Bi Samia, mke wa bwana, ananiita nimwambie cherehani yake ina kasoro gani. Namwambia sijawahi kushona kwa cherehani. Ananijibu, "Lakini maandishi yake si ya Kiingereza?" Chupa za dawa, mabati ya biskuti, hata sanduku tupu la sabuni, vyote vililetwa kwangu vizungumze. Usiku nikilala nilikuwa naona herufi.

Nilijaribu kila njia ya kistaarabu. Niliandika ratiba kwenye karatasi kubwa, mistari imenyooka, siku za kazi kwa wino mweusi na za mapumziko kwa wino mwekundu, nikaibandika ukutani. Bwana Abdulrahmani aliitazama kwa muda mrefu, akausifu mwandiko, akaniomba niongeze safu ya kadha. Nikaenda kwa jirani yetu, Mwalimu Abdala, mzee aliyefundisha Kurani nyumba ya tatu, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Jioni ile ile alikuja mwenyewe kumweleza bwana kwamba kadha ni ya ibada, wala hakuna kitabu kinachosema Kiingereza ni ibada.

"Nimekusikia, Mwalimu Abdala, na elimu ni yako," akajibu Bwana Abdulrahmani. "Lakini mtu akizidisha tahadhari, kuna dhambi?"

Mwalimu Abdala akakuna ndevu, akasema hakuna dhambi. Akanitazama kunitaka radhi, akaenda zake.

Mtasema, kwa nini sikuondoka? Kwa sababu boma lilinipa ruhusa ya kukaa kwa dhamana ya Bwana Abdulrahmani. Akienda kusema kwamba sipo tena mikononi mwake, chombo cha kwanza cha kwenda Unguja kingekuwa changu, na milima ya Umatumbi ningeiona kwa mbali nikiwa nimeipa mgongo. Nilihitaji kukaa, na kukaa maana yake ilikuwa kulipa kadha. Nilikuwa nalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nilikuwa napiga mto ngumi.

Basi mwishoni mwa Juni nikapata habari. Kila nilipopata nafasi ya kupita sokoni nilikuwa nawauliza wanawake wa bara kama wanamjua Mbonde mfua chuma. Kuna mama mmoja wa Tingi, anaitwa Ziada, aliyekuja mjini kila Jumatatu kuuza mikeka na kurudi kwake Jumanne. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mbonde alikufa zamani. Mkewe yuko. Ana mguu mmoja umevimba, lakini yuko. Alikuwa na binti aliyechukuliwa kisimani."

Nilikaa chini pale pale, juu ya mikeka ya watu. Ziada hakunifukuza. Wiki iliyofuata alileta jibu kutoka milimani: mama ameambiwa, na ameuliza kama binti huyo ana alama ya moto chini ya kwapa la kushoto. Ninayo. Cheche ya kiwandani kwa baba iliniangukia nikitambaa.

Sasa nilikuwa na mtu wa kumwendea na nilijua njia ya kumfikia. Nilichokosa ni siku mbili. Na kumbe mama naye alikuwa na ratiba yake. Jumbe wa kule alikuwa na shamba la pamba la serikali, na kila nyumba ilitoa mtu wa kulima siku alizopangiwa, akida wa Wadachi akisimama na askari nyuma ya watu. Mama, na mguu wake ule, alipangiwa siku tatu kwa wiki. Kuja mjini asingeweza; mtu akikosa siku yake ya pamba alifuatwa nyumbani kwa viboko. Kwa hiyo ilikuwa lazima niende mimi, Alhamisi nifike jioni amekwisha toka shambani, nilale naye, Ijumaa nirudi.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa kadha ya harusi ya mpwa wa bwana. Alhamisi ya pili kadha ya homa ya Mastura. Alhamisi ya tatu nilimweleza bwana kila kitu, tangu kisima mpaka kwapa. Alilia. Alitoa kitambaa akajifuta, akamwita Bi Samia naye akalia, wakanipa kanga mbili nimpelekee mama. Halafu akasema, "Wiki ijayo, inshallah, lazima uende. Hii tuna saa nane tu za kulipa."

Jumatatu ya mwisho wa Julai Ziada alinivuta nyuma ya banda la samaki. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, hana mkeka hata mmoja wa kuuza.

"Wiki hii mama yako anaweza kuja Tingi," alisema. "Kwangu. Tingi ni nusu ya njia, wewe utafika kabla ya adhuhuri. Alhamisi. Ameniambia atakusubiri."

"Na pamba?"

Akatazama nyuma yake. "Hakuna anayekwenda kwenye pamba wiki hii. Watu wameing'oa. Wamepata dawa ya maji, wanasema hawalimi tena. Mimi sijui, dada. Najua tu kwamba mama yako hana kazi kwa mara ya kwanza tangu Wadachi waje. Njoo Alhamisi."

Nilirudi nyumbani sitembei, naelea. Nikamwendea Bwana Abdulrahmani moja kwa moja dukani, mbele ya wapagazi wake na mafungu ya mpira, nikamwambia mama atanisubiri Tingi nyumbani kwa Ziada, na Alhamisi hii sipo, iwe kadha isiwe kadha. Akainua mikono. "Nani atakuzuia? Mama ni mama. Nenda." Kila aliyekuwepo alisikia. Sikutaja habari ya pamba iliyong'olewa. Ziada alikuwa ameniamini.

Jumamosi hadi Jumatano ya wiki ile, nikianza na Jumamosi iliyokwisha pita, tulikuwa tumesoma siku mbili tu. Jumatano baada ya sala ya adhuhuri alinijia barazani nikifuta ubao. Hakuja kwa ukali. Afadhali angekuja kwa ukali! Alikuja na sahani ya visheti, akakaa, akaanza kuzungumza kama baba.

"Nimefikiri juu ya safari yako, Mwalimu. Siipendi."

Nikaweka kitambaa chini.

"Siipendi kwa sababu ni fupi," akaendelea. "Miaka ishirini na miwili, halafu umwone mama yako siku moja tu katika nyumba ya watu? Umtazame kama anayetazama samaki sokoni? Haifai. Sikiliza. Tuna saa kumi na mbili za kadha. Kesho tufanye saa nane, Ijumaa saa nne kabla ya sala, tumalize zote, daftari liwe jeupe. Wiki ijayo nakupa kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Siku nne. Nakupa na punda. Ukakae kwa mama yako, umpikie, umkande huo mguu. Naapa kwa Mwenyezi Mungu sitakudai hata dakika moja tena."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Nimewahi kulisimulia hivyo, nikiwa na watu wasionijua. Ukweli ni kwamba nilianza kuhesabu. Siku moja kwa upande mmoja, siku nne kwa upande wa pili. Saa ngapi kwa saa ngapi. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miezi mitano, nikimcheka kwa kuhesabu kwake, na sasa nilikuwa nahesabu kumshinda. Punda! Mama angeweza hata kupandishwa punda aletwe mjini. Ziada alikuwa amekwisha rudi Tingi tangu jana, sikuwa na wa kumtuma. Nikajiambia mama atafika, hatanikuta, ataelewa kwamba nimezuiwa, atarudi. Nikajiambia, na neno hili nalikumbuka lilivyokaa kichwani mwangu, kwamba aliyesubiri miaka ishirini na miwili ataweza kusubiri wiki moja.

"Siku nne," nikasema.

"Siku nne," akasema. "Kula kisheti."

Nikala.

Alhamisi tulikaa barazani saa nane. Salumu alisinzia. Mastura aliniuliza mara tatu kwa nini nalikosea jina lake. Tulisoma habari ya mkulima na ng'ombe wake mpaka ng'ombe yule nikamchukia. Ijumaa saa tano bwana alikuja akiwa amevaa kanzu ya msikitini, akanipa mkono. "Umetoka deni, Mwalimu. Mbele ya Mungu na mbele yangu." Uso wake ulikuwa unang'aa. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Baada ya yeye kwenda msikitini nilikuwa huru kabisa. Nilisimama uani nikatazama jua. Nikifunga kanga vizuri nikatembea haraka ningefika Tingi magharibi. Lakini Jumamosi saa moja nilikuwa na darasa, na nikikosa darasa lile kadha ingeanza upya na siku zangu nne zingepungua. Na mama bila shaka alikuwa amekwisha rudi. Nikaingia ndani nikafua nguo za safari.

Jumatatu Ziada hakuja sokoni. Jumanne walikuja watu wa Samanga, wanawake wengi, vitu vichwani na watoto mgongoni, wanasema maduka yamechomwa. Boma likafunga njia zote za bara. Askari walisimama kila njia inayotoka mjini. Aliyetaka kutoka alirudishwa, na aliyelazimisha alifungwa. Alhamisi yangu ilipofika, ile ya siku nne, punda alikuwa amefungwa uani na matandiko yake, anakula. Nilikwenda mpaka kwa askari wa kizuizi. Nilimwonyesha karatasi yangu, nikamweleza kwamba nina ruhusa. Aliniuliza ruhusa ya nani. Nikasema ya mwajiri wangu. Alicheka sana.

Basi nilipata mapumziko. Manowari ikaja, askari wa Kizungu wakateremka, masomo yakasimama, na mimi nilikaa bila kazi kutwa, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Sijawahi kuwa na nafasi kama ile maishani mwangu. Bwana Abdulrahmani alikuja chumbani kwangu siku moja, amekonda, mpira hauji tena, akasimama mlangoni. "Masomo haya yaliyopotea kwa ajili ya vita," alisema, "hayana kadha. Nimemwuliza Mwalimu Abdala." Nilimrushia kitabu. Hakikumpata. Alikiokota, akakipangusa vumbi, akakiweka juu ya kitanda changu, akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda bomani mara mbili kuniombea ruhusa ya kutoka, na mara ya pili walimweka ndani siku moja.

Nilifika Tingi mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha. Sikuwa tena mwalimu wa mtu. Njia nzima sikukuta mtu anayelima; mashamba yalikuwa majivu, na watu waliokuwa njiani walikuwa wanachimba mizizi ya porini. Ziada nilimkuta akisimika miti ya nyumba mpya pale pale ilipokuwa ya zamani. Hakunitambua upesi, wala mimi sikumtambua, kwa jinsi njaa ilivyomfanya. Nikamwamkia. Akaniambia kaa.

Habari za mama alizijua kwa kifupi. Askari walipopanda milimani walichoma vijiji na ghala, na waliobaki wakaingia mapangoni, na njaa ikawakuta humo. Mama aliingia na wenzake. Waliotoka walisema hakutoka.

"Na ile Alhamisi?" nikauliza. Nilikuwa nimetembea mwaka mzima na swali hilo. "Alikuja?"

"Alikuja Jumatano jioni," alisema Ziada. "Alisema mguu wake ni mzito, afadhali awahi. Alhamisi alikaa mlangoni. Ijumaa alikaa mlangoni. Nilimwambia aingie ndani, jua kali, akasema ukifika usimkute amelala. Jumamosi asubuhi ndipo aliporudi."

Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa nafundisha habari ya ng'ombe.

"Alisema nini?" nikauliza. "Alikasirika? Niambie kama alikasirika."

Ziada akaacha mti aliokuwa ameushika. "Hakukasirika, dada. Alikuhurumia. Aliniuliza huko mjini unafanya kazi gani, nikamwambia ni ya siku na saa zilizoandikwa, na mwenye nyumba ndiye anayezisimamia. Akasema basi anaielewa, ni kama pamba. Halafu akaniuliza kama ukikosa siku moja wanakupiga viboko vingi au vichache. Nikasema sijui. Akasema, 'Vyovyote, asije. Mwambie asije akapigwa kwa ajili yangu.'"

Ziada akanitazama, kisha akauliza polepole, kama anayeogopa kuniumiza, "Walikuwa wanakupiga?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyenipiga."